"Kosa la rubani": tumepata chanzo cha ajali, au tumeacha kutafuta?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uwazi. Ndege ndogo ikipitiliza njia ya kutua na kuishia vichakani, hukumu hutoka siku hiyohiyo: kosa la rubani. Msimamo wangu ni kwamba maneno hayo yanataja tu aliyekuwa ameshika usukani. Chanzo bado hakijaguswa.

Tazameni ajali ya namna hii inavyokwenda. Ndege iliyopaswa kuja kutua kwa kilomita 120 kwa saa inakuja kwa 140. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nishati hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo breki zina kazi iliyozidi kwa zaidi ya theluthi. Na kabla ya breki kuna kuelea: karibu na ardhi mabawa bado yanaibeba ndege, inakataa kukaa chini, na lami inaisha. Upepo ukiwa wa nyuma, hali ni mbaya zaidi. Rubani akiilazimisha kwa kusukuma pua chini, gurudumu la mbele linatangulia, ndege inadunda, inadunda tena kwa nguvu zaidi, mpaka pangaboi linapiga ardhi.

Dawa inajulikana, na kila mwanafunzi wa urubani hufundishwa: ongeza nguvu ya injini, paa, zunguka, uje upya. Basi swali langu ni moja. Kwa nini hakupaa mapema, wakati bado inawezekana? (Akichelewa, kupaa kwenyewe kunaweza kuua, maana ndege inainua pua ikiwa na kasi ndogo, na mabawa yanashindwa kuibeba.) Hapo ndipo ninapotaka wachunguzi wakae. Je, mwajiri wake humnunia anayerudi angani kwa kuwa anateketeza mafuta? Alizoezwa kuacha kutua mara ngapi baada ya kupata leseni? Kiwanja kilikuwa na mfuko wa kuonyesha upepo, au alikuwa anabahatisha?

Wapo watakaosema rubani ndiye mwenye kauli ya mwisho. Ni kweli, sheria za anga zinampa mamlaka hayo, na mzembe wa makusudi simtetei hata kidogo. Lakini Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema wazi kwamba lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama. Lawama ina mahakama zake. Ripoti inayoishia kwa rubani haimzuii mwenzake, mwenye mwajiri yuleyule na kiwanja kilekile, kufanya hivyohivyo kesho. Hilo linaniuma, maana abiria wa kesho hajui lolote.

Mnaopinga, nijibuni hapa: marubani wawili tofauti wakipitiliza njia ileile kwa namna ileile, bado mtasema ni makosa ya watu wawili?