Tupeane uzoefu: mafunzo ya juu ya pikipiki yana faida au ni kuchoma hela?

Kamba ya Klachi (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Naendesha pikipiki mwaka wa tisa sasa, leseni ninayo, na darasa langu lilikuwa zile siku chache za kuitafuta hiyo leseni. Mwezi uliopita natoka Morogoro, karibu na Chalinze, basi likachomoka nyuma ya semitrela likaja upande wangu mzima mzima. Mguu wa kulia ukaikanyaga breki ya nyuma, tairi likafunga, mkia ukaanza kucheza. Niliishia kwenye majani, salama, ila mikono ilitetemeka hadi nikashindwa kufungua mkanda wa helmeti. Breki ya mbele sikuigusa kabisa!

Sasa kuna jamaa anafundisha watu ambao tayari ni waendeshaji, siku mbili, laki tatu na nusu. Mke wangu anasema hiyo ni ada ya mtoto. Waliopitia mafunzo ya aina hii, mlitoka na nini?

Mzee wa Mbagala
Laki tatu na nusu? Mimi hapo nanunua tairi mbili, cheni na sproketi zake, na chenji inabaki. Nipo kijiweni toka 2012, nimebeba hadi mishikaki, abiria zaidi ya mmoja kwa mpigo (dhambi zangu nazijua). Shule yangu ni barabara ya Kilwa saa kumi na mbili jioni. Hayo mengine ni mbwembwe za wenye mapikipiki makubwa na majaketi.

Binti Kibo
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umekosea. Mimi nipo Moshi, pikipiki yangu ina kilo 200 na ushee, mimi mwenyewe 58. Nilienda kwa sababu nilichoka kusubiri wanaume wapite ndipo niinuliwe chombo changu.

Mwalimu alituwekea koni kwenye uwanja wa lami, tukaja na mwendo wa 50, ukifika koni unasimama kwa namna unayoijua. Mara ya kwanza nilitumia nyuma tu, kama mleta uzi. Nikahesabu hatua kutoka koni hadi niliposimama: 29. Akasema breki ya mbele inafinywa kama unakamua ndimu, haikwapuliwi. Ukianza kufinya, uzito wote unahamia mbele, tairi linashika lami, ndipo unaongeza. Nyuma hapo imepungukiwa uzito, ndiyo maana inafunga upesi na kuteleza. Kufika jioni nilikuwa nasimama kwenye hatua 15. Mzee, toa hizo hatua 14 uniambie kungekuwa na nini hapo katikati. Mtoto? Bajaji?

Na kuinua nikajua. Ikiwa imelalia kulia, kwanza teremsha stendi, maana ukiisimamisha itakuangukia upande wa pili. Weka gia. Ipe mgongo, makalio kwenye siti, mkono mmoja kwenye usukani uliokatwa hadi mwisho, mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu unarudi kinyumenyume kwa hatua ndogo ndogo. Miguu ndiyo inayofanya kazi, kiuno kipumzike.

Mpemba wa Leicester
Asalaam alaykum. Mie niko Uingereza. Huku kupata leseni yenyewe ni jasho, mtihani wa uwanjani una kusimama ghafla kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa na kukwepa kizuizi. Halafu anayetaka anaendelea na IAM au RoSPA, mashirika ya huku ya usalama yenye mafunzo na mtihani wa juu wa hiari. Kwa RoSPA unapewa daraja la dhahabu, fedha au shaba, na kila miaka mitatu unarudia mtihani.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa kujitolea, ananifuata nyuma na pikipiki yake, ananisemesha kwa redio. Kitu kimoja kimenibaki: kwenye kona tazama pale mbali ambapo kingo mbili za barabara zinakutana. Pakikukimbia, kona inafunguka, vuta mafuta. Pakikujia, kona inajifunga, punguza. Basi! Siku ya kwanza niliona kama kanifunulia siri.

Boda Thika
Mimi nitasema ukweli hata kama unauma. Nilifanya siku mbili, nikatoka na kichwa kimevimba. Wiki ya tatu niko kwenye mteremko wa Mai Mahiu, najionyesha kwa wenzangu, nikaingia kona kwa kasi ambayo zamani nisingethubutu. Macho yakaganda kwenye ukuta wa pembeni, na pikipiki huenda kule unakokodoa. Nilifundishwa hivyo hivyo, Jumamosi ile ile, nikasahau. Mfupa wa bega ukavunjika.

Mafunzo hayakuwa mabaya. Shida ni kwamba sikurudia zoezi hata mara moja.

Kamba ya Klachi
Pole sana ndugu yangu. Kwa hiyo unaniambia nisiende?

Boda Thika
Nenda. Ila tenga nusu saa kila Jumapili, uwanja mtupu, simama na kuondoka, piga nane polepole. Bila hivyo utakuwa umenunua cheti.

Mzee wa Mbagala
Nimerudi. Jana asubuhi kabla ya kijiwe nilikwenda kwenye lami ya yadi moja huku kwetu, hakuna mtu, nikaweka ndala badala ya koni. Hatua 31. Mimi! Nikajaribu hiyo ndimu ya binti, mara nane hivi, nikafika 20. Kisha nikampakia dogo nyuma, zikarudi 24 na helmeti yake ikanigonga kisogoni. Miaka yote hii nimebeba watu na sijawahi kujaribu kusimama ghafla na abiria.

Kamba, huyo jamaa wako anapokea kwa mafungu?