"As sweet as honey" haina "a", "as tall as a coconut palm" inayo. Kwa nini?

Mtembeza wageni: Jamani, nisaidieni. Natayarisha maelezo ya Kiingereza kwa wageni wanaozuru Fort Jesus, na tashbihi zanikwamisha. Sisi twasema tamu kama asali, mrefu kama mnazi, basi. Kwa Kiingereza hii yataka "a", ile haitaki. Kuna kanuni ama ni kukariri? Nimeandika: "The walls of the Fort Jesus are solid as rock."

Maalim wa Kibokoni: Kanuni ipo. Litazame neno la mwisho: lahesabika? Asali haihesabiki, huhesabiwa chupa zake, kwa hivyo haitiwi kitu. Mnazi wahesabika na ni mmoja, lazima "a". Tena ni mnazi wowote. Ukisema "the coconut palm" mgeni ataanza kuangaza macho autafute ni upi. Wingi nao hautiwi kitu: "as hard as nails". "The" yaja kwa kitu kijulikanacho ni kimoja tu: "as bright as the sun". Ya kukariri ni machache, kama "as easy as pie" na "as old as the hills".

Kosa letu kubwa ni hili: wakizungumza, Waingereza huiangusha "as" ya kwanza, "busy as a bee", nasi tukaandika "busy as bee". "As" yaondoka, "a" haiondoki kamwe.

Bi Likoni: Niongeze misemo ya safari. "By ferry" ni kwa feri. Ukimwambia mtu "wait by the ferry", umemtuma asubiri kando ya feri. Na "sit in the front of the matatu" ni viti vya mbele. "Sit in front of the matatu" ni kukaa barabarani, gari likimwelekea! Maneno yanayojirudia hayatiwi kitu: "day by day", "face to face". Lakini "the bigger, the better" yataka "the" zote mbili.

Mtembeza wageni: Shukran. Sasa zile kuta, ni "rock" ama "a rock"?

Maalim wa Kibokoni: "Rock" ina pande mbili: jabali moja, ama mawe kwa jumla yasiyohesabiwa. "As hard as rock" ni sawa, ila "solid" imezoeana na "a rock". Jina la ngome halitiwi "the", ingawa "the Old Town" latiwa. Andika: "The walls of Fort Jesus are as solid as a rock." Ile "as" ya kwanza irudishe, maana haya ni maandishi, si mazungumzo.