Miezi 8, uji wa lishe anamaliza, uzito haupandi

Mama Ayubu
Habari zenu wadau, naomba msaada. Mwanangu wa kiume ana miezi 8, alizaliwa na kilo 3.1. Kwenye kadi ya kliniki: miezi 6 kilo 7.1, miezi 7 kilo 7.1, na juzi 7.1 tena. Ananyonya. Uji wa lishe nampa kwa chupa, nusu kikombe mara 3 kwa siku, na anamaliza. Unga una mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja. Kipimo ni vijiko 2 vya chakula vya unga kwa kikombe cha maji. Hana homa, haharishi. Dada yake wa darasa la pili anakunywa uji huohuo kabla ya kwenda shule. Tupo Njombe, chakula si shida. Tatizo liko wapi?

Nesi wa Kliniki
Pole mama. Kwa mvulana wa miezi 8 mpaka wa uzito pungufu ni kilo 6.9, kwa hiyo hajavuka, ila mstari uliolala mara mbili mfululizo hausubiriwi.

Piga hesabu. Gramu 100 za unga zina kama kilokalori 350. Vijiko vyako 2 ni kama gramu 20, yaani kilokalori 70 kwa kikombe kizima. Nusu kikombe mara 3 ni kama 105. Umri huu, ukiacha ziwa, anahitaji karibu 200 kwa siku. Anamaliza kweli, tumbo linajaa, lakini limejaa maji.

Chupa iache leo. Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa ni mwepesi mno, hauna namna nyingine. Tena chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Tumia bakuli na kijiko. Weka vijiko 4 hadi 5 vya unga kwa kikombe, na uji ukiiva uinamishe kijiko: ukimwagika kama chai, bado. Nusu ya maji iwe maziwa yaliyochemshwa. Kila bakuli liongezwe kitu cha mafuta: parachichi lililopondwa (Njombe mnayo tele) au kijiko cha chai cha mafuta ya kula, ambacho peke yake ni kama kilokalori 40. Na kila siku apate kitu cha mnyama: yai lililoiva kabisa, maini yaliyosagwa, au dagaa. Dagaa waoshe mchanga utoke, wakaushe, wasage walainike, weka kijiko cha chakula uji ukiwa bado jikoni.

Na mpeleke kituoni wiki hii, usingoje tarehe. Aangaliwe damu, mkojo, kifua kikuu na VVU, apimwe pia mzunguko wa mkono wa juu: chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo wa kadiri, chini ya 11.5 ni mkali. Miguu yote miwili ikivimba, nenda siku hiyohiyo.

Fundi Mashine
Mimi naongelea unga. Mchanganyiko wa nafaka tano hauongezi lishe, maana mahindi, mtama, ngano, mchele na ulezi vyote ni wanga. Nafaka moja inatosha. Kinachotakiwa ni kitoweo pembeni yake.

Soya mbichi ina kitu kinachozuia mwili kutumia protini, na kuikaanga juujuu hakutoshi. Itie kwenye maji yanayochemka, ichemke dakika 30, menya maganda, anika, ndipo isagwe. Karanga usisage na unga kabisa. Mafuta yake huchachisha unga, na zikiwa na ukungu zina sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Chambua, tupa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, kaanga, saga kidogokidogo nyumbani, tia kwenye bakuli. Unga usage wa wiki mbili tu, uwe mkavu.

Mama Ayubu
Asanteni sana. Ukiwa mzito anautema na kupaliwa. Nifanyeje?

Afisa Lishe
Dada, tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3 uchipue. Anika, sugua machipukizi yatoke, saga. Ulezi, siyo mtama: machipukizi ya mtama yana sumu. Pika uji mzito, uache upoe hadi uwe vuguvugu la kuonjeka, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga. Baada ya dakika chache utalegea bila kuongeza maji. Kisha uchemshe tena, kwa sababu kimea hubeba vijidudu. Ukikitia kwenye uji unaotokota hakifanyi kazi. Joto linaua nguvu yake.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliweka udumavu (watoto kuwa wafupi kuliko umri wao) wa Njombe karibu asilimia 50, nchi nzima 30. Mkoa wa mahindi, viazi na maziwa! Ndiyo maana nawaomba kina mama wasipime kwa wingi wa ghala.

Wewe mwenyewe unayenyonyesha ongeza mlo mmoja kamili kwa siku, na chai isinywewe na chakula, subiri saa moja au mbili, kwa sababu huzuia madini ya chuma. Mtoto mdogo asipewe chai kabisa.

Dada yake naye asiende shule na uji mwepesi. Mpe uji mzito wa maziwa, au viazi na maharage, na yai likipatikana. Kama shuleni hakuna chakula cha mchana, afungashiwe. Dawa ya minyoo kila miezi 6, na ukiona kope zake kwa ndani ni nyeupe, apimwe damu.