Marekani: Mhadhiri wa meno anayelipiwa mkopo wa chuo, akatwe kodi au asikatwe?

Wakuu, salaam. Serikali ya Marekani ina mpango wa kuwalipia mikopo madaktari wa meno wanaokubali kufundisha. Hela hupitia chuoni: mwaka wa kwanza asilimia 10 ya deni, kisha 15, 20, 25, na wa tano 30. Hadi hapo safi. Kasheshe ni kwamba yote inahesabiwa kuwa kipato chake. Mwenye deni la dola 200,000 analipiwa 60,000 mwaka wa tano. Akiwa ngazi ya kodi ya asilimia 24, TRA ya kule, yaani IRS, inamdai 14,400. Atoe wapi, na hela yote imeishia kwenye deni?

Mwenzake anayetibu maeneo yenye uhaba wa madaktari kupitia National Health Service Corps, mpango mwingine wa serikali, naye analipiwa mkopo, ila tangu 2004 hakatwi kodi ya mapato kwa hela hiyo. Kwangu huo ni uonevu. Miswada ya kurekebisha imefika Kongresi zaidi ya mara moja. Mnasemaje?

Mchangiaji 2: Punguza huruma mkuu. Kulipiwa deni ni mshahara kwa jina lingine. Dereva wa lori anakatwa kodi kwanza, mkopo wake analipa kwa kinachobaki. Tena daktari wa meno akichoka kufundisha anafungua kliniki, anapiga hela.

Mchangiaji 3: Si ndiyo maana vyuo vinakosa walimu! Anamaliza shule na deni la karibu 300,000, kliniki inamlipa kuliko chuo, halafu ule msaada wa kumshawishi abaki unamegwa na kodi. Serikali inatoa kwa mkono huu, inapokonya kwa ule.

Mchangiaji 4: Afanye kazi chuo cha umma, akamilishe malipo 120 ya kila mwezi, salio la mkopo wa serikali linafutwa bila kodi ya serikali kuu. Njia ipo.

Mchangiaji 3: Miaka kumi hiyo mkuu! Na ile 5,250 kwa mwaka ambayo mwajiri yeyote anaruhusiwa kulipia mkopo bila kodi, kwenye deni la 200,000 lenye riba ya asilimia 7 haifiki hata nusu ya riba.

Mwanzisha mada: @Mchangiaji 2, kama ni mshahara, wa Corps nao ni mshahara. Wakatwe wote basi.

Mchangiaji 2: Wa Corps anakwenda wasikotaka kwenda wenzake. Mhadhiri yupo zake mjini. Siwezi kuwapima sawa.