Naomba ushauri: picha yenye saini imegandana na kioo

Asalaam aleikum wakusanyaji wenzangu. Niko Lamu. Nina picha ya Mzee Jomo Kenyatta, nyeusi na nyeupe, sentimita 20 kwa 25, saini ya wino wa buluu chini kulia. Ilitiwa fremu uso ukigusa kioo, bila kadi ya kutenganisha. Kusi ilipoingia na unyevu wake, gelatini (utando wa juu unaobeba picha) ililainika ikanata kwenye kioo. Kiraka kilichoshika ni kama sarafu ya shilingi 20, na kimekumbata mkia wa herufi ya mwisho.

Nimeondoa ubao wa nyuma (ushaacha madoa ya kahawia), nikaiweka siku 10 kwenye ndoo yenye mfuniko na pakiti za silika (chembe za kufyonza unyevu). Kingo zimeachia, kiraka bado. Kuloweka huachanisha picha na kioo, ila wino wa kalamu ya kujaza utatawanyika, na saini ndiyo mali yenyewe. Kisu sithubutu.

Je, kuna njia kavu iliyowafaa, au niiache na kioo chake niipige skani tu? Pili, kwa lenzi ya mara 10 sioni nukta za uchapishaji, lakini wino wa saini umekolea kingoni mwa mistari, kama ufanyavyo muhuri wa mpira. Nitofautisheje saini ya mkono na ya muhuri?