Mafuta machafu ya kukaangia samaki na chipsi kwenye Canter, injini itakubali? Na kodi ya barabara inakuwaje?

DagaaExpress
Wakuu mwangaluka. Mimi nabeba dagaa na samaki wakavu kutoka Mwaloni pale Kirumba, Mwanza napeleka Shinyanga na Kahama, gari yangu Canter ya zamani injini 4D33, pampu ya laini, haina umeme wa kusumbua. Kwa sasa dizeli ndo inakula faida yote, unarudi na mzigo umeuza vizuri alafu ukipiga hesabu ya sheli unakuta umemfanyia kazi mwenye sheli.
Sasa pale tunapopakilia kuna kina mama wanakaanga samaki kwenye makarai makubwa, yale mafuta yakishakuwa meusi wanayamwaga, na huku mjini vibanda vya chipsi ni hivyohivyo. Nimeona watu wa nje wanatembelea mafuta ya kula yaliyotumika. Fundi mmoja akaniambia ata oili chafu ya gereji inawaka ukichanganya na dizeli nusu kwa nusu, na hiyo gereji za Nyakato zinakupa karibu bure.
Maswali yangu ni mawili, injini itavumilia? Na la pili, hii kodi ya barabara tunakatwa kwenye mafuta siku hizi, nisiponunua sheli nitakuwa nakwepa kodi au vipi? Sitaki kuja kusumbuliwa barabarani na gari ndo mkate wa watoto. Mzee wangu pia ana mashine ya kusaga Misungwi, ile ya kizamani inayopiga tu-tu-tu, kama kuna anayejua aseme ata hiyo.

Fundi_Nozo_Mza
Mkuu nianze na oili chafu kabla hujaharibu, USIWEKE. Kuwaka itawaka, hata tairi linawaka. Ile oili imebeba unga wa vyuma uliosagika kwenye injini za watu, ina masizi, ina dawa za kiwandani zenye zinki na kalsiamu ambazo zikiungua zinabaki majivu, na majivu yanakaa kwenye vali na kwenye ncha ya nozo. Pampu yako ya laini vile vipistoni vyake vimebana na silinda zake kiasi kwamba nywele haipiti, vinalainishwa na hayohayo mafuta yanayopita, sasa wewe unapitisha msasa. Mwaka juzi nililetewa Hiace ya D4D, jamaa alidanganywa hivyohivyo akachanganya, nozo zote nne zilikufa na pampu ikafuata, aliuza gari mbovu akarudi kwenye bodaboda. Iliniuma sana maana ukimwona ni mtu mpambanaji.

Mafuta ya kupikia hayo ni kitu kingine kabisa. Injini ya dizeli yenyewe kwenye maonesho ya Paris mwaka 1900 kuna moja iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, kwaiyo sio uchawi. Shida yake ni uzito tu. Yakiwa ya baridi ni mazito kama mara kumi ya dizeli, nozo haiwezi kuyapuliza yakawa mvuke, inayatema kama matone, hayaungui yote, yanateremka kwenye ringi mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na ile oili yako ya injini inageuka uji. Ukiyapasha moto yakafika nyuzi 70 mpaka 80 yanalainika yanakaribia dizeli. Ndo maana wanaofanya kwa akili wanaweka tenki mbili, unawasha na dizeli, injini ikipata moto maji ya rejeta yanapita kwenye koili ndani ya tenki la pili yanapasha mafuta, ndo unageuza koki. Na kabla hujazima unarudisha dizeli dakika kadhaa isafishe njia, ukisahau ukalala nayo usiku asubuhi utaimba. Na oili ya injini unamwaga kwa nusu ya kilomita ulizozoea.
D4D na komoni reli zote, hizi dizeli za kisasa zinazoongozwa na kompyuta, sahau. Canter yako na 1HZ za Land Cruiser za zamani zinaweza kuvumilia, zikiwa nzima lakini, kama pampu inavuja tayari usijaribu.

MamaKaango
Kaka yangu mimi ndo hao kina mama unaowasema, niko Mwaloni mwaka wa tisa. Kwanza nikurekebishe, hatumwagi wote. Mafuta yaliyotumika yana wenyewe, wapo wanaochemsha sabuni wanachukua kwa dumu la lita 20, kwaiyo ukija usije ukitegemea bure. Pili mafuta ya samaki sio kama ya chipsi. Sangara anatoa mafuta yake mwenyewe kwenye karai, unaanza na lita tano unamaliza na zaidi, na yale ukiyaacha kwenye chombo wazi siku mbili tatu juu yanafanya utando unanata kama gundi ya viatu. Alafu yamejaa chumvi na maji ya samaki. Mimi sijui injini ila najua karai, na karai langu kulitoa ule utando natumia wembe. Chukua ya chipsi mdogo wangu.

Fundi_Nozo_Mza
Mama amemaliza. Huo utando ndo utakaokaa kwenye filta na ringi. Ya chipsi tu.
Kuyasafisha: unayaacha yatulie wiki nzima kwenye pipa, unachota ya juu, chini kule unaacha. Unachuja kwa mguu wa suruali ya jinzi, ushone chini utundike kama mfuko, yanapita taratibu mno ila yanatoka safi, alafu filta ya mikroni 5. Kupima maji weka kijiko kwenye kikaango kikavu cha moto, yakilia chwaaa bado yana maji, rudisha juani.

Kamanga_Feri
Kuna njia ya kuyageuza kuwa bayodizeli kabisa, unachanganya methanoli kama robo hivi ya robo ya dumu... ngoja niseme vizuri, mililita 200 kwa kila lita ya mafuta, pamoja na kostiki soda, glisirini inazama chini ile ya juu ndo dizeli, unaiosha na maji. Inapita hata bila kupasha. Lakini nasema hili kwa sababu nilisoma kemia na ninaogopa, methanoli inapofua macho na ikiwaka mchana moto wake huuoni, usije ukaifanyia uani watoto wanacheza.

Mzee_wa_Risiti
Niongelee swali la pili maana wote mmelipita na ndilo lililomfanya aulize. Ndugu yangu, ile leseni ya barabara ya kila mwaka, stika ya kwenye kioo, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017, na mahali pake wakaongeza ushuru sh 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2021 ikaja tozo nyingine sh 100 kwa lita ya petroli na dizeli, ndo hela ya TARURA, wakala wa serikali, kwa barabara za mitaani na vijijini. Kwa hizo mbili peke yake, safari yako ikila lita 60 umechangia sh 8,400 na hukumwona mtu wa kodi, imekatwa mafuta yalipoingia nchini. Mafuta ya chipsi ndani yake hayana tozo ya barabara, gari linapita barabara ileile na mzigo uleule.
Mdogo wangu yuko Birmingham, Uingereza, kule wameliweka wazi, tangu 2007 mtu akitengeneza au akitumia mafuta ya aina hii chini ya lita 2,500 kwa mwaka halipi ushuru, anaandika tu kwenye daftari lita zake, akizidisha anajisajili na analipa. Kabla ya hapo ilikuwa vurugu, mwaka 2002 mji wa Llanelli kule Wales watu walikamatwa kwa sababu moshi wa gari ulinuka chipsi.
Wewe nenda TRA na ofisi ya kanda ya EWURA, wanaosimamia biashara ya mafuta, hapahapa Mwanza, peleka barua, eleza ni gari lako mwenyewe na lita ngapi kwa mwezi, upate jibu lenye muhuri. Jibu la mdomo trafiki halisomi. Na usije ukamuuzia dereva mwenzio hata dumu moja, hapo umeingia kwenye biashara ya mafuta bila leseni na kesi ya uchakachuaji. Mashine ya kusaga ya mzee haikanyagi lami, hiyo mimi ningeanza nayo leo.

Mkerewe_Nansio
Hizo mashine za mtindo wa Lister zinazunguka polepole, mara 650 kwa dakika, zinakula mafuta mazito bila kesi, zungusha bomba la mafuta karibu na ekzosi yapate joto. Washa na dizeli, zima na dizeli.
Na hiyo oili chafu ya Nyakato wenye gereji waache kuimwaga mtaroni. Ni taka hatarishi, NEMC, wale wa baraza la mazingira, wana watu wenye vibali wa kuichukua. Mtaro unaingia mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya bomba tunachota ziwani Capri Point.

DagaaExpress
Wakuu asanteni mno, oili chafu nimeifuta kichwani. Canter inabaki na dizeli mpaka nipate hiyo barua. Jumamosi naenda Misungwi kwa mzee na jinzi yangu ya zamani, nimeshaongea na vibanda vitatu vya chipsi Mabatini wananiwekea. Fundi swali moja, lile koki la kugeuza nitumie la shaba au la chuma? Duka la vifaa limeniambia shaba na mafuta ya kula havipatani.

Fundi_Nozo_Mza
Wamekwambia kweli, shaba inaharakisha mafuta kuharibika na kunata. Chukua chuma kisichoshika kutu, na mipira ya mafuta ya zamani ibadilishe yote kabla hujawasha.