Nyonga ya seramiki itadumu, au itapasuka kama kikombe cha chai?

MtuWete:
Asalaam alaykum wanajamvi. Mie niko Pemba. Mdogo wangu ana miaka 33, ana selimundu tangu utotoni, na sasa kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu. Anatembea kwa mkongojo. Tumekata shauri tuvuke Dar akabadilishwe nyonga. Daktari katwambia tuchague kichwa cha chuma au cha seramiki. Kikombe, yaani lile tundu ambamo kichwa huzunguka, ndani kitakuwa cha plastiki vyovyote vile. Seramiki bei iko juu. Sasa ami yetu kasikia ni jamii ya kauri, basi kazi! "Mnamtia mtoto kikombe cha chai kiunoni? Akiteleza gatini Mkoani si vigae hivyo?" Nyumba nzima imegawika. Mwenye ujuzi atusaidie. Na habari ya kusujudu pia.

FundiVifaa:
Waalaykum salaam. Ami hajakosea yote. Chuma kikizidiwa hubonyea kwanza. Seramiki haibonyei, hupasuka. Mfaransa Pierre Boutin alianza kuzitumia kwenye nyonga mwaka 1970, na zile za mwanzo punje zake zilikuwa kubwa, zikivunjika zaidi kuliko za leo. Sasa alumina, yaani unga wa kutengenezea seramiki hiyo, husagwa laini mno, hushindiliwa na kuokwa, na nyingi huchanganywa na zirkonia kidogo, seramiki ya aina nyengine: ufa ukianza, punje za zirkonia hutanuka na kuubana. Kuvunjika kumekuwa nadra sana.

Adui wa nyonga ya bandia ni vumbi. Plastiki ikisuguliwa hutoa chembe, mwili huzishambulia, na katika kuzishambulia hula mfupa wake wenyewe mpaka kifaa kinalegea. Plastiki ya zamani ilikuwa ikilika kiasi cha 0.1 mm kwa mwaka. Mzee wa miaka 75 haimsumbui sana, lakini piga hesabu kwa kijana wa 33. Kichwa cha seramiki ni kigumu, hakikwaruziki ovyo, kwa hiyo plastiki hulika polepole. Ila muulizeni daktari kama plastiki yenyewe ni ile iliyopigwa mionzi ikakazwa. Kwangu mie hilo lina uzito kuliko kichwa.

Mkunazini77:
Mbona husemi ya 2001? Vichwa vya zirkonia vilirudishwa kiwandani kwa kuvunjika.

FundiVifaa:
Kweli kabisa. Ilikuwa zirkonia tupu, na tatizo lilitokana na kubadilisha tanuri la kuokea. Tena zirkonia tupu huchakaa kwa unyevu wa mwili. Ndiyo maana muulize jina la seramiki, usitosheke na neno "seramiki".

BiMwanaidi:
Mie nnayo ya seramiki kwa seramiki, kichwa na kikombe, mwaka wa sita huu. Hailiki, lakini siku nyengine hulia kama bawaba ya mlango wa Mji Mkongwe, wajukuu wananicheka. Daktari kanambia kikombe kimekaa pembe kidogo, kichwa kinasugua ukingoni. Kwa hiyo mwanangu, mkono wa daktari kwanza. Nnasali kwenye kiti. Kuchutama chooni na kuinama sana nilikatazwa, nyonga isije ikachomoka.

FundiVifaa:
Jambo moja la mwisho. Stika za kifaa zihifadhini, picha simuni na karatasi kabatini. Ikitokea seramiki imevunjika, kichwa kipya kisiwe cha chuma: vipande vidogo hubaki ndani na hukitafuna. Na kwa selimundu, waambieni mapema wapange habari ya damu, maji na maambukizi.

MtuWete:
Allah awalipe kheri. Ami kasomewa uzi wote. Kakubali seramiki, ila anasema mkongojo usiachwe mpaka boti ifungwe kamba.